Baada ya upasuaji wa umio: kwa nini ubavu wa kulia unachelewa, na nini cha kufanya

Swali: "Baba yangu ana miaka 64. Alipatikana na saratani sehemu ya chini ya umio, yaani mrija unaoshusha chakula tumboni, akapewa dawa za saratani pamoja na mionzi, kisha akafanyiwa upasuaji. Ana kovu moja tumboni na jingine refu ubavu wa kulia, chini ya bega. Sasa yuko wiki ya 9. Anakula kidogo kidogo na anatembea ndani ya nyumba, lakini pumzi yake ni fupi. Akivua shati naona mabega ndiyo yanayopanda, na ubavu wa kulia unachelewa kuliko wa kushoto. Akimaliza kula anahema, na usiku hukohoa mpaka akae kitako. Jirani anasema asijichoshe, kidonda kitaachia. Mwingine anasema apulize maputo. Je, hali hii ni ya kawaida? Tumwache apumzike au afanye mazoezi? Na anaruhusiwa kulalia upande wa kulia?"

Jibu: Pole sana dada, na mfikishie mzee pole zangu. Umemtazama vizuri, na hilo la ubavu kuchelewa hata wahudumu hulipita wakati mwingine kwa sababu mgonjwa huangaliwa akiwa amevaa.

Nianze na lililo la haraka. Sehemu kubwa ya unayoyaeleza tunaitarajia baada ya upasuaji huu, na mzee anahitaji mazoezi kuliko anavyohitaji kitanda. Lakini kikohozi cha usiku kinachomwamsha, pamoja na kuhema baada ya chakula, ni mambo ambayo daktari wake anapaswa kuyasikia wiki hii, asisubiri kliniki ya mwezi ujao. Kama hajapigwa eksirei ya kifua tangu atoke hospitali, ombeni apigwe. Nitaeleza sababu, kisha nitakuonyesha namna ya kumsaidia nyumbani.

Watu wengi huuona upasuaji wa umio kama jambo la koo na chakula. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia ya kifua, na kwangu upasuaji huu ni wa pumzi kama ulivyo wa chakula. Kwa maelezo yako ya makovu mawili, baba alifanyiwa kwa njia ambayo daktari Ivor Lewis aliieleza mwaka 1946, na ambayo bado inatumika sana. Kwanza tumbo hufunguliwa na mfuko wa chakula hukatwa ukawa mrija mwembamba. Kisha kifua hufunguliwa upande wa kulia, kati ya mbavu, na sehemu ya umio yenye saratani hutolewa pamoja na tezi zilizo karibu. Ule mrija uliotokana na tumbo huvutwa juu kupitia kwenye kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ukaunganishwa na kipande cha umio kilichobaki. Ina maana kwamba tangu siku ile baba yako hubeba mfuko wake wa chakula ndani ya kifua, jirani na mapafu.

Fikiria sasa pumzi imeguswa mahali pangapi. Ili daktari apate nafasi ya kufanya kazi, pafu la kulia hufungiwa hewa kwa saa kadhaa na mgonjwa hupumua kwa la kushoto peke yake. Mbavu hupanuliwa kwa chuma, na mishipa ya fahamu inayopita chini ya kila ubavu hubanwa au kuvutwa. Misuli mikubwa ya mgongo na ya ubavu, ambayo pia huinua mkono, mara nyingi hukatwa. Ukuta wa tumbo una jeraha lake. Kiwambo kimepanuliwa tundu lake, na kwa siku kadhaa baada ya upasuaji wa sehemu hizi huwa kinafanya kazi kwa unyonge hata pale ambapo hakikuumizwa. Katika siku za mwanzo, kiasi cha hewa ambacho mgonjwa anaweza kuvuta na kuitoa kwa pumzi moja kubwa kinaweza kushuka hadi nusu ya kile cha kabla ya upasuaji.

Ukubwa wa jeraha una uzito wake katika jambo hili. Utafiti uliofanyika Ulaya kwa wagonjwa 115, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012, ulilinganisha upasuaji wa kufungua kifua na tumbo na ule wa matundu madogo yenye kamera. Katika wiki 2 za mwanzo, maambukizi ya mapafu yaliwapata asilimia 29 ya waliofunguliwa, na asilimia 9 ya waliofanyiwa kwa matundu. Saratani ilikuwa ileile, na umio ulitolewa kwa wote. Kilichotofautiana ni jeraha la ukuta unaotakiwa kusogea kila tunapovuta hewa.

Hapo ndipo tunafika kwenye ubavu wa kulia wa mzee. Mbavu za chini husogea kama mpini wa ndoo: ukivuta hewa zinainuka na kwenda nje pembeni, ukitoa zinashuka. Sehemu ya chini ya mapafu, ambayo ni pana na yenye damu nyingi, hufunguka kwa mwendo huo pamoja na kushuka kwa kiwambo. Mtu aliyepasuliwa ubavuni anapoanza kuinua ule mpini, kovu linamchoma. Mwili unajifunza upesi: unausimamisha upande ule na kuazima nguvu kutoka shingoni na mabegani. Ndiyo maana unaona mabega yanapanda. Wiki ya kwanza tabia hiyo inamlinda dhidi ya maumivu. Wiki ya tisa maumivu yamepungua, lakini tabia imebaki, na sasa inamgharimu: misuli ya shingo inachoka haraka, hewa inaishia juu, vifuko vya hewa vya chini vinabaki vimejikunja, makohozi yanatuama humo, na nimonia hupenda mahali kama hapo.

Kwa hiyo jirani anayesema asijichoshe ana nia njema, ila ushauri wake ni wa kumdhuru. Kufikia wiki ya 9, kidonda kilichopona bila usaha wala kufunguka hakiachii kwa sababu ya kuvuta pumzi ndefu wala kukohoa. Kazi anayopaswa kuiepuka, mpaka daktari wa upasuaji amruhusu, ni kunyanyua na kuvuta vitu vizito. Pumzi haimo katika orodha hiyo.

Kabla ya mazoezi, hakikisha kwamba ubavu unachelewa kwa sababu ya tabia na ugumu, na si kwa sababu kuna kitu kimejaa nyuma yake. Maji yanaweza kukusanyika kati ya pafu na ukuta wa kifua. Pafu linaweza kuwa limejikunja sehemu kubwa. Mshipa wa fahamu unaoendesha kiwambo unaweza kuwa umeguswa. Haya yote hufanya upande mmoja ubaki nyuma, na macho ya nje hayawezi kuyatenganisha na uoga wa maumivu. Eksirei hutenganisha mengi kati yake, na kwa maji, kipimo cha mawimbi ya sauti ni kizuri zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo linahusu mionzi. Mapafu yaliyopitiwa na mionzi yanaweza kuvimba miezi 1 hadi 6 baada ya matibabu kumalizika, na dalili zake ni kikohozi kikavu, kuishiwa pumzi na homa ndogo. Kwa kuwa mionzi ilitangulia upasuaji, na kati yake huachwa wiki kadhaa za kupumzika, baba yako yuko ndani ya kipindi hicho hasa. Kama amewekwa kwenye dawa za kuamsha kinga dhidi ya saratani baada ya upasuaji, nazo zinaweza kuleta uvimbe wa namna hiyo. Yote mawili yana tiba, na yanatibika vizuri zaidi yakigunduliwa mapema. Mwambie daktari tarehe ya mwisho ya mionzi na majina ya dawa zote, usisubiri aulize.

Ukitaka kumpima mwenyewe, akae kwenye kigoda au akalie kiti kwa ubavu, mgongo ukuelekee. Weka viganja vyako kwenye mbavu za chini, pande zote mbili, vidole gumba vikutane kwenye uti wa mgongo. Mwambie atoe hewa yote, kisha avute polepole kadiri awezavyo. Vidole gumba vyako vitaachana. Angalia kila kimoja kimesogea kiasi gani kutoka kwenye uti wa mgongo. Kisha chukua futi kamba, izungushe kifuani usawa wa ncha ya chini ya kidari, upime hewa ikiwa imetoka na ikiwa imejaa. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi hupata tofauti ya sentimita 5 hivi. Ikiwa chini ya 2.5 sisi huiona kuwa finyu. Andika namba hiyo na tarehe, urudie mara moja kwa wiki. Usipime kila siku. Mtamkatisha mzee tamaa bure.

Daktari akisha kusema kifua hakina maji wala nimonia, anzeni hivi. Saa bora ni kabla ya kula, au angalau saa moja na nusu baada ya chakula. Kama bado anatumia dawa ya maumivu, aimeze nusu saa hivi kabla. Akae wima, miguu imekanyaga chini, mabega yameachwa yaanguke. Weka kiganja chako kwenye ubavu wa kulia wa chini, pembeni, chini ya kovu na si juu yake. Anapomaliza kutoa hewa, bonyeza kidogo kuelekea ndani, kisha mwambie avute kwa pua taratibu akiusukuma mkono wako. Usimwambie "vuta kwa nguvu". Akiambiwa hivyo ataita mabega. Mwambie: sukuma mkono wangu. Pumzi ikijaa aishike kwa sekunde 3, aachie polepole kwa mdomo bila kupuliza. Afanye pumzi 3 au 4 za namna hiyo, kisha apumue kawaida kwa nusu dakika, arudie tena mizunguko 3. Akisikia kizunguzungu, amevuta nyingi mno kwa haraka, apumzike.

Kwa mtu wa wiki ya 9, mara 4 au 5 kwa siku zinatosha. Wagonjwa walio bado wodini huwa tunawaomba wafanye kila saa wakiwa macho, kwa sababu mapafu yao hujikunja haraka.

Utakutana na watu wanaofundisha kupumua kwa tumbo peke yake, mkono kitovuni, kifua kisitikisike. Kwa mgonjwa wa wasiwasi au wa pumu zoezi hilo lina nafasi yake. Kwa mgonjwa wa umio silipendi likiwa peke yake, kwa kuwa linamruhusu aendelee kuuacha ubavu wa kulia umelala. Nataka mbavu za chini zifunguke pembeni. Tumbo litafuata lenyewe.

Na maputo? Hapana. Kupuliza puto ni kazi ya kutoa hewa, ilhali tatizo la mzee liko kwenye kuivuta. Vifuko vya hewa vilivyojikunja hufunguliwa na pumzi ndefu ya ndani iliyoshikwa kidogo. Mtu anayepuliza puto kwa bidii huvuta pumzi fupi za haraka za juu, mashavu yakavimba, tumbo likakaza na kusukuma mfuko wa chakula ulioko kifuani. Nimewaona wagonjwa wakifanya kosa hilohilo kwenye kile kifaa cha plastiki chenye vijipira vitatu wanachopewa hospitali: wanapuliza ndani yake. Kile kifaa ni cha kuvuta. Ukivuta, vijipira vinapanda, na lengo ni kipira kikae juu kidogo, si kurushwa kwa kishindo. Kama baba alipewa kifaa hicho, akitoe, kisafishwe, akitumie. Kama hakupewa, asihangaike kukitafuta. Mkono wako ubavuni unamfundisha vizuri kuliko kifaa, kwa sababu unamwonyesha mahali hewa inapotakiwa kwenda.

Akiwa na makohozi, asikohoe kwa mfululizo mpaka achoke. Baada ya pumzi ndefu mbili tatu, afungue mdomo na koo, asukume hewa nje kwa sauti ya "haa", kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo. Afanye hivyo mara mbili, apumzike. Makohozi yakifika juu ndipo akohoe mara moja au mbili, akiwa amekumbatia mto mdogo kwenye ubavu wa kulia. Ule mto unashikilia mbavu ili zisirushwe, na hofu inapungua. Makohozi yakiwa ya njano au kijani na yanaongezeka, yakinuka, au yakiwa na damu, mazoezi hayatoshi; aende hospitali.

Mkono wa kulia nao una deni. Misuli iliyokatwa ubavuni ndiyo inayoinua na kushusha bega, na mgonjwa anayeulinda upande huo huishia kuinama kulia, bega limeshuka, kichwa mbele. Katika mkao huo mbavu za kulia hukaribiana na hakuna pumzi itakayozifungua. Kila siku aunganishe viganja, ainue mikono yote miwili kuelekea juu ya kichwa akivuta hewa, aishushe akitoa, mara 5 hadi 8. Kisha akae, mkono wa kulia juu, ajipinde taratibu kushoto mpaka asikie ubavu wa kulia unavutika bila kuchoma, apumue hapo pumzi tatu. Mvutiko anaruhusiwa. Maumivu makali, hapana.

Suala la maumivu lazima nikae nalo kidogo, kwa sababu wazee wetu wengi huyaficha na kuona kumeza dawa ni udhaifu. Mgonjwa anayeumia hawezi kuvuta pumzi ndefu hata umfundishe vipi. Katika upasuaji huu dawa ya maumivu ni sehemu ya tiba ya mapafu. Mwulize baba kwa utulivu, mkiwa wawili: je, anasikia moto, ganzi, au kama anachomwa sindano kuzunguka ubavu hadi chini ya titi? Nguo ikigusa pale inamkera? Hayo ni maumivu ya mishipa ya fahamu ya kati ya mbavu, na yanaweza kudumu miezi baada ya kifua kufunguliwa. Parasetamoli huyapunguza kidogo tu. Zipo dawa zinazoilenga mishipa yenyewe, kama amitriptilini au gabapentini, ambazo daktari huzianza kwa kiwango kidogo. Asijianzie ibuprofeni wala diklofenaki bila kuuliza; zinaweza kuchubua mfuko wa chakula, na wa kwake umeshapitia mengi.

Sasa chakula, maana kwa baba yako chakula na pumzi vinagawana chumba kimoja. Mlo ukiwa mkubwa, ule mrija unajaa na kutanuka kifuani, mapafu yanakosa nafasi, naye anahema. Tena mshipa wa fahamu uliokuwa ukiendesha mmeng'enyo wa tumbo kwa kawaida hukatwa katika upasuaji huu, hivyo chakula kinaweza kukawia kushuka. Milo 6 hadi 8 midogo inafaa kuliko mitatu. Atafune sana, akae wima akila, na abaki wima angalau saa moja baadaye. Kutembea polepole kunasaidia. Vinywaji vitenganishwe na mlo kwa nusu saa hivi. Akipata jasho, moyo kwenda mbio na unyonge dakika 10 hadi 30 baada ya kula, hasa vitu vya sukari, huenda si mapafu. Ni chakula kinachoteremka kwenye utumbo haraka mno. Mwelezeni daktari au mtaalamu wa lishe, maana marekebisho yake ni ya kwenye sahani.

Usiku ndipo ninapopata wasiwasi zaidi. Kile kizuizi kilichokuwa kikizuia chakula kupanda kutoka tumboni kimeondolewa pamoja na umio. Mtu aliyepasuliwa hivi akilala chali bapa, nyongo, tindikali na chakula hupanda hadi kooni, na kidogo kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa bila yeye kujua. Asubuhi anaamka na sauti iliyokwaruza, ladha chungu mdomoni, au kikohozi. Vikirudiarudia, vinamletea nimonia. Kwa hiyo kuanzia leo, asile wala kunywa kingi katika saa 3 kabla ya kulala, na kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa nyuzi 30 au zaidi. Inueni miguu ya kitanda upande wa kichwani, au wekeni kitu chenye mteremko kinachobeba mgongo wote. Mito mingi chini ya shingo inamkunja tumboni na kusukuma vitu juu. Hili si la miezi michache. Mara nyingi ni la maisha. Daktari anaweza kuongeza dawa ya kupunguza tindikali.

Je, sauti ya mzee imebadilika? Hukuiandika, lakini chunguza. Mshipa wa fahamu wa nyuzi za sauti hupita karibu na eneo la upasuaji, na ukiumizwa sauti inakuwa ya hewahewa, kikohozi kinakosa nguvu, na mtu anapaliwa kwa urahisi, hasa kwa maji. Akiwa hivyo, kikohozi chake cha usiku kina maana nyingine, na anahitaji kuonwa na daktari wa koo na mtaalamu wa kumeza kabla hamjaendelea kumpa vinywaji vyepesi kwa kujiamini.

Kutembea ndani ya nyumba kumekuwa kuzuri, ila sasa atoke nje. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo: anaruhusiwa kuhema, lakini aweze kumaliza sentensi moja bila kukatika. Akishindwa, apunguze. Akiweza kuimba, aongeze. Aanze na dakika anazozimudu hata kama ni 5, mara kadhaa kwa siku, na kila siku chache aongeze kidogo. Akishikwa na pumzi njiani, asimame, ainame kidogo mbele, mikono kwenye magoti au ukutani, atoe hewa kwa midomo iliyobanwa mpaka itulie. Angalieni pia uzito na damu. Wagonjwa wengi wa upasuaji huu hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wao katika miezi 6 ya kwanza, na misuli ya kupumulia hukonda pamoja na ile ya mapaja. Upungufu wa damu nao humfanya mtu ahemee ngazi ambazo mapafu yake yangeziweza. Mazoezi bila chakula cha kutosha hayajengi kitu.

Kuhusu muda, nikwambie ukweli ili msihesabu siku kwa uchungu. Tofauti ya ubavu mara nyingi huanza kupungua ndani ya wiki chache za mazoezi yanayofanywa kila siku. Nguvu za kutembea na kufanya shughuli huchukua miezi 6 hadi mwaka mzima. Wengine hubaki na pumzi pungufu kidogo kuliko ya zamani, na wanaishi nayo vizuri.

Zipo hali ambazo hutakiwi kusubiri kliniki wala jibu la mtu kama mimi. Kuishiwa pumzi ghafla, maumivu makali ya kifua, mguu mmoja uliovimba, au kukohoa damu: hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda iliyokwenda kwenye pafu, na saratani pamoja na upasuaji huongeza hatari hiyo. Homa na kutetemeka, kupumua zaidi ya mara 25 kwa dakika akiwa ametulia, midomo kuwa ya bluu, au kuchanganyikiwa. Moyo kwenda mbio bila mpangilio. Kutapika kusikokoma, au maumivu ya tumbo na kifua pamoja na kuhema kulikoanza ghafla, hata ikiwa ni miezi au miaka baadaye: utumbo unaweza kupanda kifuani kupitia tundu la kiwambo, mara nyingi upande wa kushoto, na hilo ni la upasuaji wa dharura. Mkiwa na kipimo cha oksijeni cha kidoleni na kikasoma chini ya 92 wakati kawaida yake iko juu ya hapo, nendeni. Mkifika, tamkeni mlangoni kwamba ameondolewa umio na tumbo lake liko kifuani. Usidhani daktari wa zamu ataliona mwenyewe kwenye faili, na eksirei ya mtu kama huyu inaweza kumchanganya asiyejua.

La mwisho, kulalia upande wa kulia. Anaruhusiwa, ilimradi mwili wote wa juu umeinuliwa na kovu halimuumi. Mto laini ukiwekwa chini ya ubavu unasaidia. Ila mchana, akiwa hajala, alalie kushoto kwa dakika 10 hadi 15 na kiwiliwili kimeinuliwa, ubavu wa kulia ukiwa juu na mkono wa kulia ukipumzika juu ya mto, na azifanye zile pumzi za kusukuma mkono wako akiwa hivyo. Upande ulio juu hauna godoro la kuubana, na kwa wagonjwa wengi hapo ndipo nimeona mbavu zilizogoma zikianza kusogea. Akihema zaidi akilala upande fulani kuliko mwingine, liandike na umwambie daktari ni upande upi.